Baba Mkwe Hakuwahi Kuuona Uso Wangu

Nina miaka thelathini na minne, mama wa watoto wawili. Ninaandika haya nikiwa kwa wazazi wangu, Njisi, mahali ambapo mwanamke aliyeolewa hatakiwi kuonekana akichota maji kila asubuhi. Majirani wananisalimia vizuri tu, "Ugonile, Mama Lusajo," halafu wakishanipita wanageuka kuniangalia kisogo. Najua wanachosema. Ningekuwa wao na mimi ningesema.

Naitwa Tupokigwe. Siandiki ili mnionee huruma, maana huruma haisongi ugali. Naandika kwa sababu kuna mtu alinitendea wema mkubwa, na mimi nikauona wema wake kama shari hadi nilipokuwa nimechelewa... Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Niliolewa Katumba Songwe na mwanamume anayeitwa Ambokile. Ukoo wao ni wa kizamani haswa. Najua siku hizi wengine wanakaa meza moja na baba mkwe, wanaangalia naye taarifa ya habari, wanamwomba hata vocha. Kwetu haikuwa hivyo. Sisi tulishika mila ya Kinyakyusa kama ilivyo: mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Hamwangalii, haangaliwi, hamtaji jina. Siyo chuki, jamani, ni heshima.

Mzee alipotaka kuja upande wetu alikohoa kwanza akiwa mbali, kule kwenye migomba. Nikisikia kile kikohozi nakimbilia ndani. Chakula chake nilikiweka sakafuni nyuma ya pazia la mlango, nikakisukuma kidogo, naye akakipokea upande wa pili. Pazia lenyewe lilikuwa fupi, kitambaa kilipungua fundi alipokata, na sikupata kingine. Miaka yote hiyo mzee hakuwahi kuuona uso wangu. Mimi wake niliuona kwa kuchungulia tu, kama mwizi.

Na sheria ya ukoo niliijua tangu siku ya harusi. Shangazi zake Ambokile walinikalisha chini wakaniambia kwamba mwanamke atakayemvunjia mkwe heshima mbele za watu atarudi kwao peke yake. Watoto ni wa ukoo, ng'ombe walishatolewa. Nikaitikia kwa kichwa, nikicheka moyoni. Nani angekuwa mjinga hivyo?

Tuliishi vizuri mpaka Ambokile alipoanguka na bodaboda kwenye barabara ya Kasumulu, akavunjika mguu vibaya. Mwaka huohuo mto Songwe ukafurika, ukalala juu ya mpunga wetu hadi ukaoza. Maji yalikuwa yamenifika shingoni. Ndipo rafiki yangu Sekela, ambaye tuliimba naye kwaya moja, akaniambia kuna kazi ufukweni.

Kilikuwa kiwanja cha starehe cha mwekezaji mmoja, kando ya ziwa. Kulikuwa na mabembea, boti za kukanyaga kwa miguu, muziki na samaki wa kukaanga. Nyuma yake, ndani ya uzio wa matete, kulikuwa na Kijiji cha Kale. Wageni waliingia humo kuona watu wa zamani walivyoishi, na hao watu wa zamani tulikuwa ni sisi waajiriwa, tumevalishwa.

Vazi langu la kwanza halikuwa na neno. Nilikuwa mpishi wa zama za Wajerumani: kaniki ndefu ya kuburuza chini, mtandio kichwani, viatu vya ngozi vilivyoziba mguu mzima. Nilikaa jikoni nikikoroga uji kwenye vyungu vilivyoletwa kwa mtumbwi kutoka Ikombe. Watoto wa shule walinipiga picha, nikirudi nyumbani nina cha kununulia dawa ya Ambokile.

Tulibadilishia nguo kwenye chumba cha mabati chenye misumari ukutani. Kila mtu alikuwa na msumari wake wa kutundikia nguo za nyumbani. Meneja alikuwa na msemo wake aliopenda kuurudia kila asubuhi: "Ukivaa vazi, jina lako liache kwenye msumari." Humo ndani hatukuitana majina. Ilikuwa ni mpishi, askari, mpagazi, muuza chumvi. Tulikuwa tunacheka sana. Baadaye nilikuja kuuona ule msumari kwenye ndoto, na jina langu halipo.

Siku moja meneja akatangaza kwamba mavazi yote yanabadilika. Alisema wageni wameshachoka na Wajerumani, wanataka zamani ya ndani zaidi, ya watemi. Yakaletwa maboksi. Nilipofungua la kwangu nilikuta nguo ya magome ya mti, fupi, ya kuishia magotini, mabega wazi. Juu yake shanga na bangili za shaba. Hakuna mtandio. Hakuna viatu. Nililishika lile vazi nikalirudisha kwenye boksi, wakati wenzangu walikuwa wanajipima na kushangilia.

Meneja akanipa nafasi ya mke wa malafyale, yaani mke wa chifu, kwa sababu ya urefu wangu. Sekela aliitamani hiyo nafasi. Alikuwa ameshaanza kusuka nywele kwa ajili yake. Yeye akapewa kuwa mtangazaji, yule anayesimama mbele na kuwaita watu kwa majina yao ya mchezo. Alinipongeza, akanikumbatia, na mimi nikaamini.

Lile vazi mtu hawezi kulivaa mwenyewe. Linafungwa mgongoni kwa kamba, lazima mwenzako akukaze. Sekela ndiye aliyekuwa akinifunga. Siku ya kwanza aliinama kunivalisha bangili za mguu, akaona kidole changu cha pili cha mguu wa kulia, kile kilichokatwa na jembe nikiwa binti kwenye mpunga huku Njisi. Akacheka, akasema mke wa chifu gani huyu mwenye vidole vinne na nusu. Tukacheka wote.

Tulikuwa bado tunacheka niliposikia kikohozi nje ya uzio.

Ndugu zangu... Kuna sauti ambazo mwili unazijua kabla ya masikio. Nilishajificha nyuma ya maboksi kabla sijajua najificha kwa sababu gani. Nikachungulia kwenye tundu la bati. Meneja alikuwa anatembea na mzee mrefu, amenyooka, fimbo mkononi, anaonyeshwa kiti cha malafyale. Meneja alikuwa amezunguka kutafuta mzee mwenye sura ya utawala, na katika wilaya nzima akaenda kumwokota baba mkwe wangu!

Nilimwambia Sekela kila kitu. Nikamweleza habari za mila, za shangazi, za watoto. Alinifuta jasho, akaniambia nisiwe mjinga. Mtu ambaye hajawahi kuniona uso atanijuaje? Halafu uso wenyewe unapakwa udongo mweupe. Akachukua udongo, akanipaka mzito mpaka macho tu ndiyo yakabaki. Akaapa kwa marehemu mama yake kwamba siri ile itabaki kwenye chumba cha mabati.

Jioni nikamweleza Ambokile. Nilimwambia naacha kazi. Alikuwa amenyoosha mguu juu ya stuli, akanijibu kwa sauti ya chini.

"Usiache. Baba hatajua. Na likitokea la kutokea, mimi nipo, nitasema nilikuruhusu."

Maneno hayo nayakumbuka herufi kwa herufi. Niliyategemea kama mtu anavyotegemea ukuta wa nyumba yake.

Basi nikaendelea. Lakini tangu siku ile ya kwanza mambo hayakuwa sawa. Mchezo ulipoanza niliingia nikiwa nimeinamisha kichwa, nikapiga magoti pembeni ya kiti chake. Mzee alikuwa anahutubia wageni kwa sauti nzuri, ile sauti niliyozoea kuisikia kupitia ukutani. Ghafla akanyamaza katikati ya neno. Nilitupa jicho kwa kuiba, nikaona macho yake yako chini, ardhini, karibu na magoti yangu. Kisha akaendelea kuhutubia, lakini sauti ilikuwa imebadilika.

Kesho yake akamwambia meneja kwamba kiti cha malafyale kimewekwa vibaya. Alisema chifu wa kweli hukaa akiangalia ziwa, mgongo kwa watu wa nyumbani mwake. Kiti kikageuzwa. Tangu hapo nikawa napiga magoti nyuma ya mgongo wake. Siku nyingine nilitakiwa kumpa kibuyu cha maji mkononi. Akakataa katakata. Alisema malafyale hapokei kitu mkononi mwa mke, kiwekwe chini juu ya jani la mgomba, yeye atakichukua. Meneja akafurahi, akadhani anafundishwa historia.

Mimi sikufurahi. Niliona mzee ananishuku. Niliona ananizungukia polepole, kama mtu anayezungushia moto kichaka akijua mnyama yumo ndani. Na kila alipokaribia chumba cha mabati alikohoa, tena kwa nguvu, akiwa bado mbali. Kikohozi kile kilinikosesha usingizi. Asubuhi nikiamka naangalia watoto wangu wamelala, nawahesabu kwa macho kana kwamba mmoja angeweza kuwa amepungua. Nilikonda. Kamba za lile vazi zikawa zinazunguka mara mbili.

Nyumbani, chakula nilikisukuma chini ya pazia kama kawaida, naye alikipokea kama kawaida, akasema "ndaga," asante, na kuondoka. Nilimwona ni mtu mkatili, anayejua kungoja.

Kilichokuja kuharibu kilianza na picha. Meneja alitaka bango kubwa liwekwe njia panda, lenye picha ya mke wa malafyale. Sekela akaenda kuomba tubadilishane mavazi, hata kwa siku ya kupigwa picha tu. Meneja akakataa. Sekela hakunilaumu, hakununa. Aliendelea kunifunga kamba kila asubuhi. Nami nilikuwa nimemgeuzia mgongo, sikumwona sura... Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nausikia huo msemo tangu shule ya msingi, sikujua kwamba siku moja utakuwa na kamba na mikono ya mtu ninayemjua.

Ikafika siku ya kufungua msimu wa wageni. Watu walijaa kutoka Mbeya, kutoka Malawi ng'ambo ya Songwe, na kutoka kwetu. Jamaa za malafyale waliingizwa bure, kwa hiyo ukoo mzima ulikuja. Niliwaona kwenye tundu la bati: shangazi wamevaa vitenge vipya, wajomba, na Ambokile na fimbo yake mstari wa mbele. Nikamwambia Sekela naumwa, siwezi kutoka. Alinikaza kamba mpaka pumzi ikanikata.

"Utatoka," alisema. "Leo ndiyo siku yako."

Nikatoka. Nikapiga magoti nyuma ya mgongo wa mzee, uso mweupe, macho chini. Ngoma zikalia. Wakati wa kibuyu ukafika, nikasimama na jani langu la mgomba. Sekela, mbele ya watu wote, alitakiwa kuita, "Mke wa malafyale!" Akanyanyua kipaza sauti, akaniangalia, akatabasamu.

"Mama Lusajo, mke wa Ambokile! Mpe baba mkwe wako maji."

Wageni walicheka, walidhani ni utani wa mchezo. Upande wa ukoo wetu hakuna aliyecheka. Nikaona vitenge vipya vinasimama kimoja baada ya kingine. Kibuyu kilinidondoka, maji yakatambaa hadi kwenye miguu ya kiti.

Mzee hakugeuka. Alikaa hivyohivyo akiangalia ziwa, mgongo umenyooka. Kisha akavua taji la manyoya, akaliweka chini taratibu, akasimama na kuondoka kwa upande wa majini, ili asipite nilipokuwa. Mvua ilikuwa imeanza. Watu walimwona barabarani akitembea na vazi lake la magome, mabega wazi, hataki kupanda bodaboda, hataki mwavuli. Nilijua ile ni hasira. Nilikuwa na uhakika kabisa.

Nilikimbilia chumba cha mabati. Nikahangaika kulivua lile vazi, sikuweza, kamba zilikuwa mgongoni na hakuna wa kunifungua. Nikiwa katika hali ile, nusu mtu wa zamani nusu wa sasa, nikawasikia nje ya bati. Shangazi walikuwa wamemzunguka Ambokile, wanamuuliza kama alijua. Nikaacha kuhangaika. Nikasema moyoni, sasa mume wangu ataongea. Alisema yupo.

"Mimi aliniambia anapika," Ambokile akasema. "Sijui lingine."

Jamani! Kuna kilio hakitoi machozi. Nilikaa chini nikiegemea bati, nikautazama msumari wangu na gauni langu linaloning'inia. Mguu wake niliufunga mimi bandeji. Dawa yake niliinunua kwa vazi lilelile. Nikamsubiri asahihishe, labda atasema ngoja, nimekosea. Nilisikia fimbo yake ikigonga kokoto, inaondoka.

Nilirudishwa Njisi na begi moja. Watoto walibaki. Lusajo, binti yangu mkubwa, alishikiliwa mkono na shangazi, na mdogo wake alilia hadi sauti ikakauka. Sekela alipewa vazi. Bango liko njia panda hadi leo, mwangalieni mkipita, ni mzuri kweli.

Sikula vizuri kwa majuma. Mama yangu alinilisha uji kama mgonjwa. Nilimlaani Sekela, nikamlaani Ambokile, lakini aliyekuwa akinijia akilini zaidi ni yule mzee. Niliona ndiye aliyetega mtego wote: alivyonyamaza, alivyogeuza kiti, alivyokohoa. Nikamchukia baba wa watu.

Mchana mmoja nilikuwa nafua uani. Nikasikia kikohozi kwenye migomba ya baba yangu.

Miguu ilinipeleka ndani yenyewe. Kikohozi kile kilikuwa kimebadilika, kilikuwa kizito, cha mtu aliyenyeshewa na hakupona. Nikasimama nyuma ya pazia, naona kwa upenyo. Mzee alikuja hadi karibu na ukuta, akageuza mgongo kwa nyumba, akashika mgomba kwa mkono. Ndivyo wazee wa kwetu wanavyofanya wakiwa na neno zito la kumfikishia mtu wasiyeruhusiwa kuongea naye. Wanakiambia kitu kingine, naye asikie.

"Mgomba," alisema, "nimekuja kukueleza jambo. Miaka mingi nimekula chakula cha mtu ambaye uso wake siujui. Lakini pazia la mwanangu ni fupi. Miguu yake naijua. Siku ya kwanza pale kwenye mchezo niliiona, na kidole chake. Nikajua ni shida iliyomleta. Nikageuza kiti."

Alikohoa kwa muda mrefu. Nilishika ukuta.

"Mila inasema nisimwone," akaendelea. "Basi sikumwona. Kiti kilikuwa kwa ajili yake, na jani, na kukohoa. Hata mvua ile, mgomba, niliipitia ili watu waniangalie mimi, wamwache yeye. Ningeweza kuendelea hivyo mpaka mguu wa mwanangu upone. Lakini mdomo ukishasema, macho hayana pa kwenda. Mwanangu amesema uongo, na nimemwambia mbele ya ukoo kwamba ni uongo. Sasa mwambie mama yao, nimemletea watoto."

Ndipo nikawaona. Walikuwa wamekaa njiani chini ya migomba, wameambiwa wangoje. Akawapungia mkono. Lusajo akaja mbio akimburuza mdogo wake, wakapita pembeni ya babu yao, wakaingia chini ya pazia moja kwa moja mikononi mwangu.

Mzee alibaki amesimama, mgongo kwetu. Sasa najua alikuwa anangoja. Nilikuwa na neno moja tu la kumjibu, neno ambalo yeye aliniambia kila siku akipokea sahani. Ndaga. Nilitakiwa kulisema kwa ukuta, kwa pazia, kwa mtoto, kwa chochote. Aibu na kilio vilinizidi, nikamkumbatia mwanangu, nikanyamaza. Akangoja kidogo tena. Kisha akaondoka akikohoa, na kikohozi kikapotea kuelekea barabarani.

Hakumaliza mwezi. Walisema ni kifua.

Dada zangu mnaosoma, na nyinyi kaka zangu, nawaomba kwa magoti. Siri ya nyumba yako usimpe mtu kwa sababu tu ndiye anayekufunga nguo. Ahadi ya mume aliyekaa nawe sebuleni usiilalie mpaka uione mbele ya watu. Na yule mnayemwogopa, ambaye hasemi, ambaye amewapa mgongo, msikimbilie kumchukia. Muulizeni kwanza amegeukia nini. Na neno la shukrani likija mdomoni, liseme, hata kama linatoka na kamasi! Mimi langu limebaki hapa kooni, nalimeza kila siku.

Ambokile amekuja mara kadhaa kuomba nirudi. Anakaa uani na fimbo yake, baba yangu anampa kiti. Bado sijamjibu.

Kwenye mazishi nilikwenda. Shangazi waliniona, hakuna aliyenifukuza. Mke wa mtoto hasogei karibu na jeneza la mkwe, kwa hiyo nilikaa mbali, nyuma ya akina mama wote, nimejifunika kitenge hadi machoni kama nilivyojifunika miaka yote. Walipokuwa wanampitisha kwenda kaburini, nilivua viatu. Nikasimama kwenye matope, miguu wazi, mahali ambapo angenijua.